Sauti ya Clara Bow Haikuwa na Kosa

Clara Bow, mwigizaji wa Marekani aliyekuwa kipenzi cha watazamaji wa filamu bubu katika miaka ya 1920, huelezwa karibu kila mahali kwa maneno yaleyale: alipanda upesi kwa uso na machachari yake, lafudhi yake ya Brooklyn ikawachefua watu mara tu filamu zilipoanza kusema, na kazi yake ikafia mbele ya kipaza sauti. Simulizi hilo lina utamu wake. Mtoto wa kimaskini aliyepanda mno anaangushwa na kitu kilekile alichotoka nacho kwao, yaani matamshi ya mtaani, na msikilizaji anabaki akitikisa kichwa kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kasoro yake ni kwamba mambo hayakwenda hivyo. Bow alicheza filamu 11 za sauti, na wenye majumba ya sinema waliendelea kumweka juu ya orodha zao hata baada ya umma kumsikia. Kilichomwondoa kilikuwa kazi ya kupita kiasi, maradhi, kesi moja ya mahakamani, na uamuzi wake mwenyewe, uamuzi aliokuwa ameutangaza kabla sinema haijatoa neno.

Alizaliwa tarehe 29 Julai 1905 huko Brooklyn, New York. Wazazi wake, Robert Bow na Sarah Gordon, walikuwa wamekwisha kuzika mabinti wawili wachanga kabla yake. Baba alikuwa mtu wa vibarua, leo yupo kesho hayupo. Mama alikuwa na kifafa na ugonjwa wa akili uliozidi mwaka hadi mwaka. Clara alikua akicheza na wavulana barabarani, nguo zimechakaa, na kigugumizi kikiwapa watoto wa shule sababu ya kumcheka. Mwaka 1921 magazeti ya filamu ya kampuni ya Brewster yaliendesha shindano la kutafuta sura mpya, naye, akiwa na miaka 16, akapeleka picha mbili za bei ya chini. Wanaomwona kama sura tupu huishia hapo, wakisema picha zilipendeza na mambo yakamnyookea. Shindano lenyewe lakini halikuamuliwa kwa picha za mnato. Waliofika mwisho waliigiza mbele ya kamera, na Bow alimshinda mwanamke aliyekwisha kuzoea kazi hiyo.

Zawadi ilikuwa nafasi katika filamu Beyond the Rainbow ya mwaka 1922. Ilipotoka, sehemu zake zilikuwa zimekatwa zote; zilirudishwa miaka baadaye, jina lake lilipoanza kuuza tiketi. Mwaka huohuo alipata nafasi katika Down to the Sea in Ships, filamu ya wavuvi wa nyangumi iliyopigwa New Bedford, Massachusetts, na hapo wakosoaji wakaanza kumtaja. Nyumbani hali ilikuwa nyingine. Mama yake aliamini kwamba waigizaji wa kike wote ni malaya, na usiku mmoja wa Februari 1922 Clara aliamka akamkuta amemsimamia na kisu. Sarah alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akafariki Januari 1923. Tangu hapo kukosa usingizi kukawa ugonjwa wa binti huyo hadi kifo. Habari hii inafaa kukumbukwa, maana waandishi wengi walioeleza kuanguka kwake mwaka 1931 waliandika kana kwamba alifika Hollywood akiwa mzima wa afya kisha anasa ikamharibu.

Alifika Hollywood katikati ya 1923, akiwa ameajiriwa kwa majaribio na Preferred Pictures, kampuni ndogo ya B. P. Schulberg. Schulberg aligundua mapema kwamba msichana huyo ni mtaji. Alimlipa kidogo kwa wiki, kisha akamkodisha kwa kampuni nyingine kwa bei kubwa na kuweka tofauti mfukoni. Mwaka 1925 peke yake Bow alionekana katika filamu 14, sita za mwajiri wake na nane za kukodishwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: hakuna aliyejiuliza binti wa miaka 20, asiyelala usiku, angeweza kuubeba kwa muda gani. Preferred Pictures ilipofilisika mwishoni mwa mwaka huo, Schulberg alihamia Paramount na mali yake ya thamani kuliko zote, yaani mkataba wa Clara Bow.

Agosti 1926 Paramount ilimpa mkataba wa miaka mitano. Malipo yalianzia dola 1,700 kwa wiki, yapande kila mwaka hadi 4,000 katika mwaka wa mwisho. Fedha hizo zilikuwa nyingi kwa mtu wa Brooklyn na chache kwa mtu aliyejaza majumba ya sinema nchi nzima. Colleen Moore, nyota aliyecheza wasichana wa namna yake kwa kampuni nyingine, alifikia dola 12,500 kwa wiki. Jambo zito zaidi ni alilolisema Bow mkataba huo ulipotangazwa: alikusudia kuacha filamu ukiisha, mwaka 1931. Wakati huo The Jazz Singer, filamu ndefu iliyofungua mlango wa sinema ya sauti, ilikuwa bado zaidi ya mwaka mmoja kutoka. Anayedai kwamba kipaza sauti kilimfukuza mwaka 1931 anapaswa kwanza kueleza ilikuwaje akaweka tarehe ya kuondoka wakati kipaza sauti chenyewe hakijaingia studio yake. Ni kweli kwamba nyota husema mengi wakitia saini, na wengi wao hawatimizi. Huyu alitimiza, karibu na mwaka uleule.

Filamu zilizofuata ndizo zilizomfanya aitwe “msichana wa It”, jina ambalo bado linamfuata. Mantrap ya 1926, chini ya mwongozaji Victor Fleming, ilimpa nafasi ya mke wa mtu wa porini asiyeweza kuacha kuwachezea wanaume, na Bow akaicheza bila kuomba radhi na bila kumgeuza mhusika kuwa shetani. It ya 1927 ilimweka katika duka kubwa kama Betty Lou, muuzaji anayempenda mwenye duka. Kuna onyesho moja ndani yake linalojibu peke yake madai kwamba hakuwa na ufundi. Betty Lou amealikwa chakula cha jioni katika hoteli ya kifahari naye hana nguo ya kutokea. Anachukua mkasi na kuligeuza gauni lake la kazini kuwa la usiku, papo hapo mwilini. Kila kitu kinakwenda kwa kasi: mkasi, kicheko, jicho linalopima kioo, aibu ndogo inayopita na kuzimwa. Mtazamaji anapata habari ya umaskini, tamaa na ujasiri wa msichana huyo bila maandishi ya kueleza kukatiza picha. Mwigizaji asiyejua kazi hafanyi hivyo. Asiyejua husimama akapendeza, na Bow katika onyesho hilo hasimami hata mara moja.

Mwaka huohuo ilitoka Wings ya William Wellman, filamu ya marubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambayo ilipata tuzo kuu ya picha bora katika sherehe ya kwanza kabisa ya Oscar. Nafasi ya Bow humo ni ya pembeni, maana filamu ni ya wanaume na ndege, lakini jina lake ndilo lililotangulia kwenye matangazo. Katika kura za wenye majumba ya sinema nchini Marekani alikuwa wa pili mwaka 1927 na wa kwanza mwaka 1928. Januari 1929 alipokea barua zaidi ya 45,000 za mashabiki ndani ya mwezi mmoja.

Hapo ndipo sauti ilipoingia, na hapo ndipo madai yanayopingwa yanapaswa kupimwa kwa makini. Yana chembe ya ukweli inayoyapa nguvu. Wapo waigizaji ambao filamu za sauti ziliwamaliza Marekani. Emil Jannings, aliyepata tuzo ya kwanza ya mwigizaji bora wa kiume, alirudi Ujerumani mwaka 1929 kwa sababu Kiingereza chake hakikufaa. Vilma Bánky wa Hungaria naye hakudumu. Kutokana na mifano hiyo ya kweli ikatungwa kanuni ya jumla, na kila nyota wa filamu bubu aliyepotea kati ya 1929 na 1933 akatupwa humo bila kukaguliwa: John Gilbert akasemwa alikuwa na sauti ya mlio, Clara Bow akasemwa alikuwa na sauti ya sokoni.

Filamu yake ya kwanza ya sauti ilikuwa The Wild Party, iliyotoka Aprili 1929, Bow akicheza mwanafunzi wa chuo na Fredric March akicheza profesa wake. Mwongozaji alikuwa Dorothy Arzner, mwanamke karibu wa pekee aliyekuwa na kazi hiyo katika kampuni kubwa za Hollywood wakati ule. Vipaza sauti vya mwanzo vilifungwa mahali pamoja, aghalabu vikifichwa nyuma ya maua au taa, na mwigizaji aliyesogea hatua mbili alipotea masikioni. Kamera nazo zilifungiwa ndani ya vibanda ili mngurumo wake usiingie kwenye sauti. Kwa mtu aliyejengeka kitaalamu juu ya mwendo, hiyo ilikuwa sawa na kufungwa miguu. Arzner aliamuru mafundi wakining'inize kipaza sauti kwenye ufito wa kuvulia samaki na kumfuata Bow kila anakokwenda. Ndipo akaweza tena kukimbia, kugeuka na kuruka juu ya kitanda. Vijiti virefu vya kushikia vipaza sauti, vinavyoonekana leo katika kila upigaji wa filamu, vina asili mojawapo katika tatizo hilo la kumwacha Clara Bow atembee.

The Wild Party iliingiza fedha nyingi. Umma ulimsikia, ukajua anasemaje, ukarudi. Mwaka uleule zikafuata Dangerous Curves na The Saturday Night Kid, na zote mbili zilipata watu. Mwaka 1930 zikaja nne: Paramount on Parade, True to the Navy, Love Among the Millionaires na Her Wedding Night. Katika baadhi yake hakusema tu bali aliimba. Mwaka 1931 zikaongezeka No Limit na Kick In. Kwa hesabu hiyo Paramount ilimpa filamu tisa za sauti katika muda wa takriban miaka miwili. Kampuni ya biashara haimwekei mtu filamu tisa mfululizo, tena ikimpa nyimbo, ikiwa inajua sauti yake inafukuza wateja. Zile kura za wenye majumba ya sinema, watu wasio na sababu ya kumpendelea yeyote kwa kuwa walihesabu tiketi tu, zilimweka wa kwanza tena mwaka 1929 na wa pili mwaka 1930, yaani baada ya sauti yake kujulikana kote.

Hoja ya lafudhi nayo haisimami. Barbara Stanwyck alizaliwa Brooklyn mwaka 1907, miaka miwili baada ya Bow, na sauti yake ya huko huko ikawa mojawapo ya sauti zilizopendwa zaidi katika sinema ya Marekani kwa miongo kadhaa. Mae West naye alikuwa mzaliwa wa Brooklyn, na matamshi yake yalikuwa mazito kuliko ya Bow. Mwaka 1933 ni yeye, katika She Done Him Wrong, aliyeiletea Paramount fedha wakati kampuni ikiwa taabani. Kampuni ileile, jiji lilelile, matamshi ya mitaa ileile. Upande mwingine Greta Garbo, Mswidi, alifungua kinywa mwaka 1930 katika Anna Christie, na lafudhi ya kigeni ikatangazwa kama kivutio. Katika miaka hiyo masikio ya Marekani yalikuwa yanaanza kuchoka na waigizaji wa jukwaani waliosema kana kwamba wamelelewa London, na yalitafuta watu waliosema kama majirani zao.

Wanaoshikilia simulizi la zamani wana ushahidi mmoja wa kweli, nao haufai kufichwa: Bow mwenyewe aliichukia sauti. Alilalamika kwamba filamu zenye maneno zinambana na kumnyima nafasi ya kutenda. Katika baadhi ya picha za 1929 macho yake yanapanda juu ghafla, yakitafuta kipaza sauti kilipo. Aliyekulia na kigugumizi na kuchekwa na wenzake alikuwa na kila sababu ya kuogopa chombo kinachonasa kila silabi. Lakini hofu ya mwigizaji na chuki ya watazamaji ni mambo mawili. La kwanza lilikuwapo. La pili halionekani popote katika hesabu za tiketi, na mwandishi anayetumia la kwanza kuthibitisha la pili anamhukumu mtu kwa woga wake.

Mapato ya filamu zake yalishuka mwaka 1931, hilo halina ubishi. Mwaka huo mapato yalishuka kila mahali, kwani mdororo mkuu wa uchumi ulikuwa umefika mlangoni mwa majumba ya sinema. Hadithi alizopewa nazo zilikuwa zimekwisha ladha: msichana yuleyule, mabaharia walewale, busu lilelile la mwisho. Juu ya hayo ikaja kesi. Januari 1931, mjini Los Angeles, aliyekuwa katibu wake, Daisy DeVoe, alishtakiwa kwa kumwibia. Mahakama ilimtia hatiani kwa shtaka moja tu kati ya mengi, lakini aliyehukumiwa magazetini alikuwa mlalamikaji. Hundi zake, simu za maandishi za wapenzi wake, bili za vinywaji, vyote vilisomwa mbele ya waandishi. Kijigazeti kiitwacho Coast Reporter kikachapisha mambo machafu kiasi kwamba mchapishaji wake alikamatwa kwa kosa la kutuma uchafu kwa posta. Bow, ambaye ndiye aliyeibiwa, alitoka katika kesi hiyo akiwa amepakwa matope kuliko mshtakiwa.

Mei 1931 alilazwa katika nyumba ya wagonjwa huko Glendale, mishipa ya fahamu imemshinda. Filamu City Streets, iliyokuwa imepangwa kuwa yake, ilikuwa tayari imekwenda kwa Sylvia Sidney. Bow aliomba kuachiliwa na Paramount, ikamwachilia mwezi Juni, muda mfupi kabla ya mwisho wa mkataba ule wa 1926. Hakufukuzwa kwa sauti. Aliondoka mgonjwa, kwa ombi lake, karibu na tarehe aliyoitaja miaka mitano nyuma. Alikwenda Nevada kwenye ranchi ya mwigizaji Rex Bell karibu na kijiji cha Searchlight, na Desemba mwaka huo wakafunga ndoa Las Vegas.

Kama sauti yake ingekuwa imeshindwa, habari ingeishia hapo. Haikuishia. Kampuni ya Fox ilimfuata kwa mkataba wa filamu mbili, naye akarudi kwa masharti yake. Call Her Savage ya 1932 inamwonyesha akiwa Nasa Springer, binti wa tajiri wa Texas asiyetawalika. Ndani yake anampiga kijana mjeledi kisha anajuta papo hapo, anagaagaa sakafuni akicheza na jibwa kubwa, analewa, anafilisika, anamzika mtoto. Sauti inayosikika ni ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, na inabadilika kutoka dhihaka hadi machozi bila kukatika. Mkosoaji aliyezoea kusikia kwamba mwanamke huyu hakuweza kusema atapata taabu kutaja ni sentensi gani iliyomshinda. Hoop-La ya 1933 ilifuata. Zote mbili zilifanikiwa. Hakurudi tena kwa sababu hakutaka: alikuwa na umri wa miaka 28, ameolewa, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka 1934, wa pili mwaka 1938.

Maisha ya baadaye hayakuwa mepesi, na simulizi la lafudhi hupendelea kuyatumia kama adhabu ya mtu aliyeshindwa. Maradhi ya akili yaliyomwandama mama yake yalimfikia naye. Mwaka 1944, mumewe alipogombea ubunge, alijaribu kujiua. Mwaka 1949 alilazwa Hartford, Connecticut, akapewa tiba ya umeme. Baada ya hapo aliishi peke yake katika nyumba ndogo Culver City, California, hadi alipofariki tarehe 27 Septemba 1965. Rex Bell, aliyekuwa naibu gavana wa Nevada, alikuwa ametangulia mwaka 1962. Hakuna lolote katika hayo linalohusu filamu za sauti. Chanzo chake kiko Brooklyn, katika nyumba ya Sarah Gordon.

Basi uongo ulitoka wapi? Sehemu yake ilikuzwa na vichekesho vya Hollywood yenyewe. Singin' in the Rain ya 1952 ilitunga nyota wa filamu bubu mwenye sauti ya kukwaruza masikio, ikapendwa sana, na watazamaji wakaichukulia kama historia. Sehemu mbaya zaidi ilitoka kwa mwandishi Kenneth Anger, ambaye kitabu chake Hollywood Babylon kilimzushia Bow ufuska na timu nzima ya mpira ya chuo kikuu. Mwaka 1988 mwandishi wa wasifu wake, David Stenn, aliwahoji wachezaji wa timu hiyo, na uzushi ukaanguka. Hata wanahistoria waaminifu walimpita. Kevin Brownlow hakumpa nafasi katika kitabu chake mashuhuri cha 1968 kuhusu sinema bubu, akakaripiwa na Louise Brooks, mwigizaji wa filamu bubu, ambaye mwenyewe alisifiwa humo. Brownlow alirekebisha jambo hilo mwaka 1980 katika mfululizo wake wa televisheni. Lakini mwaka 2022 filamu Babylon ya Damien Chazelle, ikichota kwa wazi katika maisha ya Bow, ilirudi kuonyesha nyota wa kike anayeangushwa na matamshi yake na tabia zake, na kizazi kipya kikapokea uzushi wa zamani ukiwa na rangi mpya.

Filamu zake kadhaa za bubu zimepotea, nyingine zikiwa zile zilizosifiwa zaidi, kama Ladies of the Mob ya 1928, na kuhusu hizo kila mtu anaweza kusema atakalo. Kuhusu sauti hali si hiyo. The Wild Party ipo, Call Her Savage ipo, na zote mbili zinaweza kusikilizwa. Anayeendelea kuandika kwamba sauti ya Clara Bow ilimfukuza kwenye sinema azisikilize kwanza, kisha aonyeshe ni wapi.